Wembe wa kukunja: namna ya kulinda makali, na pale ambapo ukanda hautoshi

Bukavu, Goma, Uvira, Bunia: katika miji hii, mtu anayeingia leo kwa kinyozi anakuta mashine ya umeme, kioo, poda na pakiti za nyembe nyembamba za kutupa. Wembe wa zamani wa kukunja, ule ambao wanaosema Kifaransa wanauita coupe-chou, umebaki kwa watu wachache: mzee aliyeurithi kwa baba yake, kinyozi anayetaka kumaliza kazi hata umeme ukikatika, kijana aliyechoka kununua nyembe kila juma. Wote hao wana swali moja: wembe utabaki namna gani na makali bila kuupeleka kwenye kinoo kila mara? Jibu lipo, na halina gharama kubwa. Lakini lina mpaka wake, na mpaka huo unagusa afya ya mtu anayekaa kwenye kiti cha kunyolewa.

Makali membamba kuliko unywele

Wembe wa kukunja una sehemu tatu ambazo mwenye nao anapaswa kuzijua: mgongo mnene, mbavu mbili zilizochimbwa kidogo, na makali. Mgongo si pambo. Wembe ukilazwa juu ya kinoo au juu ya ukanda wa ngozi, mgongo na makali vinagusa pamoja, na mgongo ndio unaoshika pembe. Kwa sababu hiyo, hata mtu asiye fundi anaweza kurudia pembe ileile kila siku, mradi asiunyanyue mgongo. Kwa nyembe nyingi, pembe hiyo ni kati ya digrii 15 na 18.

Mwisho wa makali yaliyonolewa vizuri una unene usiofika mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa ndevu una unene wa karibu mikroni 100. Ndiyo maana wembe mzuri unapita bila kuvuta. Na ndiyo maana pia unaharibika upesi: kitu chembamba kiasi hicho kinaumia kwa kugusa ukingo wa bakuli, kwa kuanguka ndani ya sinki, hata kwa kufungwa vibaya na kugonga mpini wake.

Unywele laini unavyoshinda chuma

Kwa muda mrefu watu walifikiri kwamba makali yanaisha polepole kwa kusagwa, kama soli ya kiatu. Mwaka 2020, watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitoa katika gazeti la kisayansi la Science uchunguzi ulioonyesha jambo lingine. Walitazama kwa darubini za nguvu nyembe zilizokuwa zikikata ndevu. Chuma cha wembe ni kigumu karibu mara 50 kuliko unywele. Hata hivyo, vipande vidogo sana vya chuma vilikuwa vikimeguka kwenye makali.

Sababu ni kwamba unywele haukatwi ukiwa umesimama wima. Unapinda kwanza, halafu unasukuma makali kwa ubavu. Na chuma chenyewe, kikitazamwa kwa karibu, hakiko sawa kila mahali: kuna sehemu ngumu zaidi na sehemu laini zaidi. Pale unywele unapopinda na kukutana na sehemu dhaifu, ufa mdogo unaanza na kipande kinatoka.

Watafiti hao walifanya kazi na nyembe za kutupa, lakini funzo linamfaa kila anayenyoa. Ulinzi wa kwanza wa makali unaanza usoni, kabla ya ukanda na kabla ya kinoo. Ndevu kavu ni ngumu. Ndevu zilizolowa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili au tatu zinanywa maji, zinavimba na kulegea. Sabuni yenye povu nzito inazishika zisimame, na inasaidia wembe kuteleza. Wembe ukilazwa usoni kwa pembe ya karibu digrii 30, huku mkono mwingine ukivuta ngozi, unakata bila kukwaruza. Mtu anayenyoa ndevu kavu kwa haraka anaharibu kwa asubuhi moja kazi ambayo ingetosha majuma mawili.

Ukanda wa ngozi, kazi ya kila siku

Kati ya kunoa na kunoa, chombo kikubwa ni ukanda. Wengi wanaamini kwamba ukanda unanoa. Haunoi kwa maana ya kuondoa chuma kama kinoo. Unasafisha makali, unaondoa uchafu na chembe za kutu zinazoanza, unanyoosha sehemu iliyopinda kidogo na kuilainisha. Wembe ulioanza kuvuta leo asubuhi unaweza kukata vizuri tena jioni kwa sababu ya ukanda peke yake.

Ukanda wa desturi una pande mbili: kitambaa kigumu na ngozi. Kitambaa kinatangulia, ngozi inafuata. Anayekosa ukanda wa dukani anaweza kutumia kitambaa cha jinzi kilichokazwa vizuri, na mkanda wa kiuno wa ngozi ya ng'ombe, mpana, usio na nakshi wala mashono katikati. Ngozi isuguliwe kwa kiganja kisafi mpaka ilainike. Vumbi likiwa juu yake, lifutwe kwanza, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kutoboa makali.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Ncha moja ya ukanda inafungwa kwenye msumari au kwenye kitasa cha mlango, na nyingine inavutwa kwa mkono mpaka ukanda ukaze. Wembe unalazwa chali kabisa, mgongo na makali vikigusa pamoja. Unasukumwa mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, unageuzwa kwa kuviringisha juu ya mgongo, bila makali kunyanyuka hewani, kisha unarudi. Mizunguko 20 juu ya kitambaa na 40 hadi 60 juu ya ngozi inatosha kwa siku moja.

Makosa matatu yanarudi kwa kila anayeanza. La kwanza ni kutanguliza makali: hapo wembe unakata ukanda, na ukanda unaharibu wembe. La pili ni kugeuza wembe kwa upande wa makali badala ya mgongo, na matokeo ni yaleyale. La tatu ndilo la siri zaidi: kulegeza ukanda au kukandamiza. Ngozi iliyolegea inajikunja kuzunguka makali na kuyaviringisha. Mtu anaona anafanya kazi nyingi, kumbe kila mzunguko unazidisha ubutu. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ule mwendo wa kasi unaoonekana kwa vinyozi katika filamu hauongezi kitu, na anayejifunza afadhali aende polepole.

Maji ni adui mkubwa kuliko ndevu

Nyembe nyingi za zamani, zile za Solingen huko Ujerumani, za Sheffield huko Uingereza au za Thiers huko Ufaransa, zimetengenezwa kwa chuma cha kaboni. Chuma hicho kinashika makali vizuri, lakini kinashika kutu upesi vilevile. Mbavu za wembe zinaweza kuonekana safi huku makali, kwa wembamba wake, yakiwa yameanza kuliwa. Kutu isiyoonekana kwa macho inatosha kuharibu kunyoa.

Kwa wakaaji wa kando ya ziwa, au wa milima ambako mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka, jambo hili si dogo. Baada ya kunyoa, wembe unaoshwa kwa maji safi ili kuondoa sabuni na chumvi ya jasho. Unafutwa kwa kitambaa laini, kutoka mgongo kuelekea makali, si kwa kufuata urefu wa makali. Halafu unapitishwa mara kumi hivi juu ya kitambaa cha ukanda, na unaachwa wazi kidogo mahali pakavu kabla ya kufungwa. Kuufunga ukiwa na maji kati ya mbao za mpini ni kuupa kutu chumba cha kulala.

Kama hautatumika kwa siku nyingi, tone la mafuta ya mashine ya kushona linatosha kwa wembe mzima. Mafuta ya mawese na mafuta mengine ya kupikia hayafai: yanaganda, yanachacha na kukusanya vumbi. Wembe wenye mafuta ufutwe kabisa kabla ya kugusa ukanda.

Huko Ulaya, watu wenye uwezo walikuwa wakinunua kisanduku cha nyembe saba, kila mmoja umeandikwa jina la siku. Kila wembe ulipumzika juma zima na kukauka vizuri. Mtu wa kawaida anaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kuwa na nyembe mbili na kuzibadilisha.

Ukanda ukishindwa

Siku itafika ambapo ukanda hauleti tena mabadiliko. Kabla ya kukimbilia kinoo kuna hatua ya katikati: ukanda wa pili uliopakwa dawa ya kulainisha chuma. Inayojulikana zaidi ni ile ya kijani, yaani oksidi ya kromu, yenye chembe ndogo sana. Mizunguko 10 au 15 inarudisha makali kwa majuma kadhaa. Lakini dawa hiyo isipakwe kwenye ukanda wa kila siku, na isitumiwe kila asubuhi. Yenyewe inaondoa chuma, na ikizidi inaviringisha makali mpaka kinoo peke yake ndicho kinachoweza kuyarekebisha.

Kinoo kina historia inayowagusa Wakongomani kwa njia wasiyoitazamia. Watu wengi wanaijua Ubelgiji katika historia ya nchi yao kwa ajili ya kaucho, shaba na dhahabu. Wachache wanajua kwamba nchi hiyohiyo ilipata sifa kati ya vinyozi wa dunia kwa sababu ya jiwe. Linaitwa coticule, lina rangi ya manjano iliyofifia, na linatoka katika milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm. Ndani yake mna punje ndogo sana za garneti, madini magumu kuliko chuma cha wembe. Jiwe likipakwa maji na kusuguliwa, punje hizo zinatoka na kunoa taratibu bila kukwaruza sana. Machimbo mengi yamefungwa, na kijiji cha Salmchâteau kina makumbusho ya jiwe hilo.

Kwa nini kinoo kisitumike kila juma basi? Kwa sababu kila kunoa kunakula chuma. Wembe unaonolewa kwa lazima tu unaweza kumzika mwenye nao na kubaki kwa mwanawe. Mtu anayenyoa uso wake peke yake, akitunza ukanda wake vizuri, anaweza kukaa miezi mingi bila kuhitaji kinoo. Anayeunoa ovyo anaumaliza katika miaka michache, huku mgongo ukikonda pamoja na makali.

Namna ya kujua saa imefika ni rahisi. Wembe unavuta hata kwa ndevu zilizolowa vizuri. Uso unawaka baada ya kunyolewa. Unywele ulioshikwa kwa vidole na kugusishwa makali hauanguki, unapinda tu. Na chini ya mwanga, makali yanaonyesha mstari mdogo unaong'aa, maana makali safi hayarudishi mwanga. Kuyapima kwa kidole gumba ni desturi mbaya: kidole kinaumia, na makali pia.

Pale ambapo ukanda hauwezi kitu

Yote yaliyosemwa mpaka hapa ni kwa wembe mmoja na uso mmoja. Wembe huo ukianza kupita kutoka uso hadi uso, hesabu inabadilika kabisa.

Kila kunyoa kunaacha vidonda vidogo, hata pale damu haionekani. Damu hiyo inabaki kwenye makali. Virusi vya homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao waganga wanauita hepatiti B, vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado kumwambukiza mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huo wa kudumu, na kwamba watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Wengi wao hawakujua kwamba wanao, kwa sababu unaweza kukaa miaka mingi ndani ya ini bila dalili. Watoto wa Congo wanapata chanjo yake pamoja na chanjo za kawaida za utotoni, lakini watu wazima wengi walizaliwa kabla ya utaratibu huo. Pamoja na hiyo kuna hepatiti C, na virusi vya SIDA.

Hapa ndipo ukanda, rafiki wa makali, unageuka kuwa hatari. Wembe unaopita kwa wateja kumi na kurudi kila mara kwenye ngozi ileile unaacha pale kitu kutoka kwa kila mmoja, na kumpelekea anayefuata. Ngozi haiwezi kuchemshwa. Ikilowekwa kwenye dawa, inakauka na kupasuka. Hakuna namna ya kuaminika ya kusafisha ukanda baada ya kila kichwa.

Wembe wenyewe nao una shida yake. Maji ya javel yanaua virusi, lakini yanakula makali ya chuma cha kaboni kwa muda mfupi. Kuuchemsha kwa dakika 20 kunaua virusi vya homa ya ini, lakini kunaleta kutu na kupindisha mpini, na hakuna kinyozi mwenye dakika 20 kati ya mteja na mteja. Kuupitisha juu ya moto wa alkoli, jambo ambalo wengine wanalifanya mbele ya mteja ili kumtuliza, ni kupoteza pande zote mbili. Moto wa sekunde chache haumhakikishii mtu usalama. Na makali yakigeuka rangi ya bluu, chuma kimelegea: hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe yote kwenye kinoo. Kufuta kwa kitambaa chenye alkoli peke yake hakutoshi pia.

Hata shabu, lile jiwe jeupe la kukausha damu, lina hatari hiyohiyo likisuguliwa moja kwa moja kwenye uso wa kila mteja. Inafaa kupaka maji yake kwa pamba safi, na pamba hiyo kutupwa.

Kipi kifanywe na kinyozi

Njia iliyochukuliwa na vinyozi wa nchi nyingi ni rahisi. Mmarekani King C. Gillette alipata hati ya uvumbuzi wa wembe mwembamba wa kutupa mwaka 1904, na vita vya kwanza vya dunia viliueneza kwa askari. Baadaye ukatengenezwa mpini wenye umbo la wembe wa kukunja, unaobeba nusu ya wembe huo wa kutupa. Mkono wa kinyozi unafanya kazi ileile ya zamani, pembe ileile, ufundi uleule. Kinachobadilika ni makali: mteja mpya, wembe mpya. Wembe mmoja wa pande mbili ukivunjwa katikati ukiwa bado kwenye karatasi yake unatoa nusu mbili, yaani wateja wawili. Kwa njia hiyo gharama inapungua bila mtu kurudia damu ya mwingine.

Jaribu kubwa liko kwenye uchumi. Kinyozi anayehesabu kila franka anaona wembe uliotumika mara moja bado unakata, na moyo unamwambia aupangusie mteja wa pili. Ukweli ni kwamba bado unakata. Lakini shida si kukata. Mteja anayetoka na ugonjwa wa ini hatajua siku wala mahali alipoupata, na kinyozi naye hatajua kwamba ni yeye aliyempa. Ndiyo maana hatari hii inaendelea bila kelele.

Mpini unaobeba wembe wa kutupa uoshwe kwa sabuni baada ya kila mteja, kisha utiwe kwenye dawa, maana damu inaingia hata pale wembe unaposhikwa. Nyembe zilizotumika zisitupwe njiani wala kwenye takataka ambako watoto na waokota chupa wanaingiza mikono. Zikusanywe ndani ya kopo gumu lenye tundu dogo juu, na kopo likijaa lifungwe na kuzikwa ndani ya shimo refu, au kupelekwa kwenye kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea takataka. Na kinyozi mwenyewe, anayegusa damu ya watu kila siku, anahitaji kupimwa na kupata chanjo ya hepatiti B kabla ya mwingine yeyote.

Kwa upande wa mteja, wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Anayengoja zamu yake ana nafasi nzuri ya kutazama wembe uliomnyoa aliyetangulia umeenda wapi. Kuomba pakiti ifunguliwe mbele ya macho yake si dharau kwa kinyozi, na kinyozi anayejua kazi yake hatakasirika.

Wembe wa kukunja wenye ukanda unabaki chombo kizuri kwa mtu anayejinyoa nyumbani: haumalizi pesa kila juma, hautegemei umeme, na ukitunzwa unaishi kuliko mwenye nao. Sharti lake ni moja tu: usiazimwe, hata kwa ndugu, hata kwa mara moja. Mzee anayemwachia mwanawe wembe wake amwachie pamoja na kazi ya kuunoa upya, kuuchemsha mara moja, na kununua ukanda mwingine.